Fomu ya mkataba wa pango ya shilingi elfu moja: nimeinunua mara tatu, nimeisoma mara moja

Ukisimama mbele ya soko la Mwanga, hapa Kigoma, stesheneri hazihesabiki. Ingia yoyote, uliza, "Mna fomu ya mkataba wa nyumba?" Muuzaji hata kichwa hainui. Anavuta droo, anatoa karatasi moja, anasema, "Buku." Ukisita kidogo anakuongezea ya pili, moja yako na moja ya mwenye nyumba, maana wengi hawakumbuki kwamba ukishasaini unaweza kutoa fotokopi kwa bei ya pipi.

Mimi nimeinunua mara tatu. Mara ya kwanza mwaka 2018, chumba kimoja Gungu. Mara ya pili Septemba 2023, chumba na sebule Katubuka. Mara ya tatu mwaka huu, Ujiji. Ni fundi cherehani, nashona sare za shule na suti za vitenge, na kazi hii imenifundisha kugeuza nguo ndani nje kabla sijaisifia. Fomu hii sikuigeuza mpaka iliponiuma. Watu wanaandika maoni yao juu ya simu, feni na vipodozi, lakini karatasi inayoamua kama leo unalala ndani au unalala kwa shangazi hakuna anayeikagua. Basi acha niikague mimi.

Kwa macho tu, ni A4 moja, mbele na nyuma. Ni fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, herufi zimevimba mpaka "a" na "o" zimekuwa mapacha. Juu kabisa pameandikwa JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA, kwa hiyo ukiiona unadhani imeshuka kutoka wizarani. Tafuta jina la wizara, hulioni. Tafuta namba ya fomu au mwaka, hakuna. Mtu mmoja alikaa kwenye kompyuta akaandika anavyoona yeye, wenzake wakakopi, basi. Ila hayo maneno ya juu yana nguvu zake. Nimeona mtu mzima anasaini kwa mkono unaotetemeka kana kwamba yuko mbele ya afande.

Nukta za kujaza majina ni ndefu, jina la ukoo mzima linaingia. Nukta za kiasi cha kodi zipo mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno, na hapo nampongeza aliyeiandika. Nafasi ya tarehe ya kuanza na kumaliza ipo. Lakini tafuta mahali pa kuandika hali ya nyumba ulivyoikuta: vitasa vingapi vinafanya kazi, bati limetoboka wapi, ukuta una ufa au hauna. Hakuna hata mstari mmoja. Kwenye ufundi wangu hiyo ni sawa na kupokea kitambaa cha mteja bila kukikagua. Siku ya kukirudisha atakwambia tundu umelitoboa wewe, na utajitetea kwa nini?

Masharti ni kumi na moja. Niliyahesabu usiku mmoja wa mvua, nitafika huko. Tisa yanamfunga mpangaji. Moja linasema mwenye nyumba amepokea kodi. La mwisho linasema wote wawili wamesaini wakiwa na akili timamu.

Nitaje yale yanayouma. Sharti la 4: "Kodi ikishalipwa hairudishwi kwa sababu yoyote ile." Sharti la 5: "Mpangaji atafanya matengenezo yote yatakayohitajika na kulipa gharama zote za maji, umeme na kodi za serikali." Sharti la 7: "Mwenye nyumba anaweza kuichukua nyumba yake wakati wowote atakapoihitaji." Sharti la 9: "Mwenye nyumba anaweza kukagua nyumba wakati wowote." Ukiyasoma kwa pamoja, unajiuliza umepanga nyumba au umepewa ruhusa ya kuweka vitu vyako humo mpaka mwenyewe atakapochoka kukuona.

Sasa nieleze yalivyonifika.

Katubuka nilitafutiwa na dalali. Alichukua kodi ya mwezi mmoja, elfu sitini, pamoja na elfu tano ya "kuonyeshwa", ambayo ni hela ya kutembea naye mita mia mbili. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, mpole, anaishi njia ya Mwandiga kwenye mashamba yake ya michikichi, mjini anakuja kuchukua kodi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, tukaketi kwenye kibaraza. Nikalipa miezi sita, laki tatu na sitini elfu, kuanzia Septemba mpaka mwisho wa Februari. Fomu akaitoa yeye mfukoni, imekunjwa mara nne. Nikasema hapana mzee, nina yangu safi, nikaitoa kwenye pochi. Zote zilikuwa ile ile.

Kilichoniokoa ni jirani. Pale kwenye fremu ninayoshonea, dada mmoja wa meza ya pili ni msaidizi wa kisheria. Jumatano hukaa ofisi ya kata kusikiliza watu, siku nyingine anauza vitenge kama sisi. Hao ni watu waliopewa mafunzo, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hawaruhusiwi kukutoza hela wala kukusimamia mahakamani kama wakili. Asubuhi ya siku ile aliniona na fomu, akaichukua, akasoma huku anatafuna karanga, akasema, "Fundi, hii usisaini hivi hivi. Chukua peni, andika pembeni." Nikaandika mistari miwili tu, kwa sababu nilikuwa na wateja wananisubiri. Kwamba mwenye nyumba akimtaka mpangaji aondoke atatoa notisi ya maandishi ya siku thelathini, na kwamba mpangaji akiondolewa kabla ya muda kodi ya miezi iliyobaki itarudishwa. Nikakata sharti la 4 na la 7 kwa mstari mmoja. Mzee alipoyaona aliuliza, "Haya nayo ya nini?" Nikamwambia ni ya kuandikishana vizuri, mzee. Akasaini jina lake pembeni ya kila nilipokata. Alikuwa na haraka ya gari. Sharti la 5 sikuligusa. Niliona ni la umeme na maji tu, nani atagombania umeme?

Novemba mvua zikaanza. Anayeijua Kigoma anajua mvua yetu haibishi hodi. Inakuja kutoka ziwani, upepo mbele maji nyuma. Usiku wa tatu nikasikia tone. Misumari ya bati ilikuwa imelegea, mpira wake umekwisha, maji yanapita kwenye tundu la msumari, yanatembea juu ya mbao, yanadondokea mahali pamoja: juu ya cherehani. Chini ya cherehani nilikuwa nimeweka suti ya kitenge ya bibi harusi, rangi ya zambarau, imebaki kufungwa vifungo. Asubuhi rangi ilikuwa imehamia kwenye bitana. Nilinunua kitambaa kingine kwa hela yangu.

Nikampigia mzee. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole wake ule ule, "Mwanangu, si tulisaini? Matengenezo yote ni ya mpangaji." Ndipo usiku ule, beseni likiwa katikati ya sebule, nikaisoma fomu nzima kwa mara ya kwanza.

Kesho yake dada wa meza ya pili alinifafanulia kitu ambacho fomu imekificha. Pango nchini linasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na ndani yake kuna ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa kuwa amezitoa hata kama mkataba haukuzitaja. Kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza yake atakaa kwa amani bila bughudha. Kwamba pale mtu anapopangishwa sehemu ya jengo, kama mimi na vyumba vyangu viwili, paa, kuta kuu, mifereji na njia za pamoja ni mzigo wa mwenye nyumba kuviweka katika hali nzuri. Mpangaji naye anahesabiwa kuahidi: kulipa kodi kwa wakati, kutunza alichokabidhiwa, kumruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua kwa saa za kiungwana. Uchakavu wa kawaida haumhusu mpangaji. Nikauliza, sasa kwa nini fomu inasema vingine? Akacheka. Akaniambia fomu ikinyamaza, sheria inajaza pengo. Fomu ikisema vibaya na wewe umesaini, umempa mwenzako fimbo ya kukuchapia. Kwa hiyo karatasi tupu yenye majina, kodi na tarehe ingenifaa kuliko hii yenye masharti kumi na moja. Hapo ndipo nilipoanza kuipunguzia nyota.

Aliniambia na jingine ambalo wengi hawalijui. Kwa pango la mwaka mmoja au pungufu, sheria haikulazimishi maandishi. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano. Na kama hakuna muda uliotajwa, mnalipana mwezi kwa mwezi tu, basi notisi ya kukutoa inapimwa kwa kipindi hicho hicho, yaani mwezi. Kwa hiyo mwenye nyumba anayekwambia "huna mkataba, huna haki" anakutisha bure. Faida ya karatasi ni ushahidi.

Umeme nao, ule niliosema nani ataugombania. Nyumba ilikuwa na LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, wapangaji wanne, tunachanga. Kila mwezi anayenunua wa kwanza anakuta uniti zake ni chache, shilingi 1,500 imekatwa. Hiyo ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakusanywa kupitia LUKU, ikianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mita haimjui mwenye jengo, inamjua aliyeingiza tokeni. Mpangaji anayeilipa anamlipia mwenye nyumba, na ana haki ya kuidai au kukatana naye kwenye kodi ya pango, kama hajasaini kwamba "kodi za serikali" ni zake. Mimi nilikuwa nimesaini. Elfu moja mia tano ni hela ndogo, nakubali, lakini kwa mwaka ni elfu kumi na nane, na kwa elfu kumi na nane nanunua nyuzi za muhula mzima wa sare. Maneno matatu tu ya fomu yalinifanya niwe mlipa kodi wa nyumba isiyo yangu. Wenzangu watatu walikuwa hawajasaini chochote, na baada ya kelele walikatiwa hela hiyo kwenye pango. Mimi mwenye mkataba sikukatiwa. Cheka tu, nami nilicheka baadaye.

Paa nililigongea mwenyewe kwa fundi, misumari kumi na mipira, na Desemba ikapita. Mtoto wa mzee akarudi kutoka Dar kwa sikukuu, ana hela na ana mpango: upande wetu ubomolewe ukuta wa mbele, zitoke fremu mbili za biashara. Tarehe 27 Desemba akaniita nje. "Dada, tarehe moja tunaanza kazi. Jipange." Nikamwambia nimelipa mpaka Februari. Akasema hela ya mzee atazungumza na mzee. Sikutoka. Tarehe 3 Januari nikarudi kutoka kazini saa moja jioni nikakuta mlangoni kuna makufuli mawili: langu, na jingine kubwa la shaba ambalo si langu. Watoto wamekaa kwenye ngazi na mikoba ya shule. Jirani aliwapa ugali.

Niseme hapa kwa sauti, kwa sababu kuna anayesoma akiwa amekaa kwenye ngazi kama hiyo. Mwenye nyumba anayemtaka mpangaji aondoke, na mpangaji hataki, njia yake ni kwenye chombo cha sheria kuomba amri. Kufuli si amri. Kukata umeme si amri, kuezua bati si amri, na kijana wa Dar si amri.

Usiku ule mwenyekiti wa mtaa alikuja, akamwambia kijana afungue tulale. Alifungua kwa shingo upande. Asubuhi nikaenda Baraza la Kata.

Huduma ya baraza sitaipa nyota nyingi wala kidogo, maana ninakagua fomu. Ila ujue linavyofanya kazi siku hizi. Zamani lilikuwa linaamua kesi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, kazi yake kwenye migogoro ya ardhi na nyumba ni kupatanisha tu, halitoi hukumu. Lina siku thelathini. Likishindwa linakupa hati kwamba limeshindwa, nawe unakwenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako ndiko kuna mwenyekiti mwanasheria na amri zenye meno. Siku thelathini zikipita bila suluhu unaweza kwenda moja kwa moja. Ukiruka kata, wilayani watakurudisha. Kwenye upatanishi wanakaa watatu, na mmoja lazima awe mwanamke. Wetu walikuwa wazee wawili na mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Mzee alikuja kutoka Mwandiga, na fomu yake. Nami nikatoa yangu. Mama wa miwani akazilaza meza moja, akazisogeza dirishani. Yale masharti yaliyochapwa hakuyasoma hata moja. Nafikiri ameyaona mara mia. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja pembeni, kwenye mwandiko wangu wa peni ya bluu, kikashuka mpaka kwenye saini ya mzee. "Hii ni saini yako, baba?" "Ni yangu." "Na hapa?" "Ni yangu." "Umeandika notisi siku thelathini. Umempa karatasi?" Kijana akataka kujibu, mama akamwambia, "Wewe hukusaini." Ukimya ulioingia pale, ungeweza kuutia kwenye kanga ukaufunga fundo.

Wakakubaliana hivi: notisi iandikwe siku ile, nikae Januari yote, kodi ya Februari irudi, kufuli likae mbali. Bati na bitana ya bibi harusi sikupata kitu, kwa sababu ya sharti la 5. Wapatanishi walimsihi mzee, akasema alisaini alichosaini na mimi nilisaini nilichosaini. Sikuwa na la kujibu. Kisha mzee akaleta lake. Sakafu ya jikoni ina doa la mawese, anataka akate elfu ishirini. Mama wa miwani akavua miwani kabisa. "Baba, nyumba gani Kigoma jikoni haina doa la mawese?" Hata kijana alicheka.

Elfu sitini yangu ilirudi kwa mafungu. Arobaini siku ya kuhama. Ishirini nilizifuata mpaka mwezi Machi, na hazikuja kama hela: lilikuja dumu la lita tano la mawese, limeletwa na bodaboda, na salamu kwamba mzee anauliza watoto hawajambo. Nikalipokea. Yalikuwa mawese mazuri.

Kwa hiyo fomu ya buku ninaiona hivi: karatasi yake nyota nne, kwa kuwa inakulazimisha kuandika kiasi, tarehe na mashahidi, na mtu akishaandika tarehe ni vigumu kuikana. Masharti yake nyota moja, nayo ni kwa ajili ya akili timamu. Nilichojutia kabisa ni kwamba haikuniachia pa kuandika. Pembeni ni nyembamba, mwandiko wangu ulipinda ukapanda juu kama mchwa.

Nimejaribu na nyingine, nisije nikaonekana naonea moja. Stesheneri ya kule chini karibu na stesheni ya reli wana fomu ya zamani kidogo, imechapwa vizuri, ila inasema pango hili linafuata ile sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Wakati wake ilikuwa inadhibiti kodi, na kumtoa mpangaji kulikuwa na milolongo yake. Sasa ni marehemu, na kuitaja kwenye mkataba wa leo ni kumwita babu aje ashuhudie. Nilimwambia muuzaji. Akasema, "Dada, mbona zinanunuliwa tu?"

Mpwa wangu alinitumia nyingine kwa simu, kurasa sita, nzuri kweli, ina deposito na orodha ya vitu vya ndani. Nikafika ukurasa wa nne nikakuta mgogoro utapelekwa kwenye baraza la kodi za nyumba lililoko Nairobi. Ilikuwa ya Kenya. Wao wana sheria zao za pango na mabaraza yao, na nasikia wivu kidogo, ila mwenye nyumba wa Ujiji hatapanda basi mpaka Nairobi. Ile orodha ya vitu vya ndani nimeinakili. Wakili naye nilimuuliza: alitaka elfu hamsini kuandika mkataba wa vyumba viwili. Kwa fremu ya biashara ya miaka mitatu ningemlipa bila kunung'unika. Kwa chumba na sebule, hapana.

Jambo moja ambalo fomu zote zimenyamazia ni ushuru wa stempu. Mkataba wa pango unatakiwa kulipiwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, asilimia 1 ya kodi ya pango, na usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe. Pale kwenye upatanishi hawakuniuliza. Ningefika wilayani huenda ningeulizwa. Sijawahi kukutana na mpangaji wa chumba aliyelipa, wala mimi sikulipa, lakini sasa najua kwa nini wenye kesi kubwa wanakimbilia TRA siku moja kabla.

Ukiinunua hii ya buku, na utainunua kwa sababu ndiyo iliyopo, nunua na karatasi tupu ya kuambatanisha, andika juu "Nyongeza ya mkataba", tarehe ile ile, saini zile zile, shahidi yule yule. Huko ndiko kwenye mkataba wenyewe. Mimi sasa ninaandika hali ya nyumba kwanza, tena kwa kutembea chumba kwa chumba na mwenyewe akiwepo, na picha kwa simu. Paa na kuta ni za mwenye nyumba, balbu na vitasa ninavyovunja ni vyangu. Kodi ya jengo kwenye LUKU ikatwe kwenye pango, miezi sita ni elfu tisa. Notisi ni ya maandishi. Kodi isiyokaliwa inarudi. Ya kukagua nyumba nilikuwa siiandiki, lakini mwenye nyumba mmoja wa rafiki yangu alikuwa anaingia na funguo yake watu wakiwa wanaoga, nikaongeza: kwa taarifa, na mchana.

Mwaka huu nilipokwenda Ujiji sikupitia kwa dalali. Nyumba ni ya bibi wa Kimanyema, mjane, miembe miwili uani, sauti ya adhana inaingia mpaka chumbani. Nilimpigia shikamoo, nikaketi mkekani, nikatoa fomu ya buku na nyongeza yangu ya mkono, ukurasa mzima. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Bibi alimwita mjukuu amletee miwani, akasoma fomu haraka haraka kama anayepita kwenye mtaa aliouzoea, akafika kwenye nyongeza, akapunguza mwendo. Alisoma kila mstari, midomo inacheza. Kwenye bati aliinua kichwa akalitazama. Kwenye elfu tisa alihesabu kwa vidole.

Kisha akanyoosha mkono. "Nipe peni, mwanangu."

Akaandika chini kabisa, kwa mwandiko mzuri wa watu waliosoma zamani: "Cherehani isishone baada ya saa nne usiku. Bibi analala."

Tukasaini wote wawili.